"Allow": ni kuruhusu au ni kukubali?

Leo tuache kuandika programu kidogo tuzungumze lugha. Neno lenyewe lina herufi tano tu: "allow". Ukifungua programu mpya kwenye simu, ndilo linalokungoja pale kwenye kitufe: kamera itumike? Maikrofoni isikilize? Majina na nambari ulizohifadhi zisomwe?

Wako wanaolitafsiri "Kubali" na wako wanaoandika "Ruhusu". Utasema yote ni mamoja. La hasha! Anayekubali anaitikia jambo lililoletwa na mwenzake. Hata aliyechoka kubishana hukubali yaishe. Anayeruhusu ana mamlaka. Mwanafunzi huomba ruhusa kwa mwalimu, mwalimu haombi kwa mwanafunzi. Sasa kwenye simu yako mwalimu ni nani? Ni wewe. Ndiyo maana mimi huandika "Ruhusu".

Zamani, kusema kweli, "Kubali" lingefaa zaidi. Kabla ya Android 6.0 iliyotoka mwaka 2015, ulioneshwa orodha nzima wakati wa kuweka programu: uchukue yote au uiache programu yenyewe. Tangu hapo programu huuliza jambo moja moja, wakati inapolihitaji. Android 11 ya mwaka 2020 ikaongeza ruhusa ya mara hii tu, na ukikataa mara mbili programu haipewi tena nafasi ya kukuuliza. Mswahili anaijua adabu hiyo: unapiga hodi, ukikosa jibu mara tatu, unaondoka.

Huu si mchezo wa maneno jamani. Hapa Kenya tuliona programu za mikopo zikisoma nambari zote za mkopaji. Akichelewa kulipa, shangazi anapigiwa, bosi anapigiwa, hata fundi wa bomba anaambiwa habari za deni! Mwaka 2022 kanuni za Benki Kuu zilikataza mchezo huo, na mwaka 2023 Google nayo ikazizuia programu za mikopo zilizo kwenye duka lake kusoma orodha ya nambari.

Wenye programu walijitetea kwamba mkopaji alibonyeza "allow". Sawa, alibonyeza. Lakini shangazi je? Yeye alimruhusu nani? Ruhusa hutolewa na mwenye kitu, na nambari ya shangazi ni ya shangazi. Hata Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa iwe ya hiari, iwe ya jambo mahususi, na mtu awe ameelezwa anachoridhia. Tena anaweza kuiondoa baadaye.

Kwa hiyo ndugu yangu, kidole kikikaribia kitufe hicho, jiulize maswali mawili. Naweza kusema hapana na maisha yaendelee? Na hiki ninachotoa, ni changu?