Tingatinga la Kongwa

Walimu wenzangu huandika katika kurasa hizi juu ya ushairi, sarufi na mitihani, nami huwasoma kwa furaha. Leo naomba ruhusa yao nieleze habari za trekta. Lilinipa maneno ambayo chuo hakikunipa, na hiyo ingetosha kuwa sababu. Lakini kusema kweli sababu yangu ni nyingine.

Mwaka 2018 nilitoka kwetu Masindi, Uganda, nikasafiri kwa mabasi matatu hadi Kongwa, katika mkoa wa Dodoma, kuhudhuria arusi ya kijana niliyemfundisha zamani. Asubuhi ya pili, wageni wengine wakiwa bado wamelala, nilitoka kunyoosha miguu. Nilikuwa nimefika penye mibuyu miwili kando ya barabara ya vumbi niliposikia mlio nyuma yangu. Kabla sijageuka nilijua ni mlio wa nini. Injini ya silinda tatu haingurumi kama lori. Husema kwa mkato mkato, kama mtu anayehesabu magunia. Lilikuwa Massey Ferguson 135, jekundu mahali rangi ilipobaki, likivuta tela lenye mapipa ya maji.

Trekta la aina hiyo lilianza kuundwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964, na kiwanda hicho kikaacha kuliunda mwaka 1975. Kwa hiyo hata lile la mwisho kabisa lilikwisha kupita miaka 40. Marehemu baba yangu aliendesha moja tangu mwaka 1967 katika shamba la mtu binafsi karibu na Masindi. Mara ya mwisho kuusikia mlio ule nilikuwa mtoto wa miaka 9.

Nilimpungia mkono dereva, akasimama. Alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mwembamba, amevaa koti la mvua ingawa hapakuwa na mvua. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," kisha akanifundisha kwamba kwao husemwa "Mbukwenyi". Nilipomwambia kwamba trekta lake nalijua, alicheka, akazima injini. Asiyejua thamani ya dizeli hataona heshima niliyopewa hapo.

Baba yake, alinisimulia, alijifunza udereva papo hapo Kongwa wakati wa Mpango wa Karanga. Wasomaji wengi wanaikumbuka habari hiyo: mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kufyeka pori la Tanganyika, Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3. Matrekta mengi yalikuwa masalio ya Vita vya Pili vya Dunia, na hata vifaru vya Sherman viligeuzwa na kiwanda cha Vickers kuwa mashine za kung'oa visiki. Ardhi ya Kongwa wakati wa kiangazi hukauka ikawa kama tofali. Majembe yalivunjika, mvua hazikutosha, na mwaka 1951 mpango ukafutwa, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimekwenda na upepo. Mzee alisema kwamba baba yake hakuwahi kula karanga za Wazungu, ila alibaki na ufundi, na ufundi huo akamrithisha yeye.

Kisha akanifundisha kama ninavyofundisha mimi, kwa mikono. Zamani, alisema, jembe lilifungwa nyuma ya trekta kwa mnyororo kama linavyofungwa nyuma ya maksai; likinasa kwenye kisiki, trekta huinuka kichwa na kumwangukia dereva. Harry Ferguson, mtu wa Ireland aliyezaliwa mwaka 1884, ndiye aliyelishika jembe kwa mikono mitatu ya chuma inayonyanyuliwa kwa nguvu ya oili, hata jembe na trekta vikawa mwili mmoja. Udongo unapolivuta jembe, magurudumu ya nyuma hukandamizwa chini yakashika zaidi. "Jembe linabebwa," alisema mzee, "haliburutwi." Nimesoma maelezo marefu ya jambo hilo yasiyofikia maneno hayo matatu.

Nikamwuliza limewezaje kuishi. Akanitembeza kulizunguka. Pampu ya dizeli ilitoka India, ambako kiwanda cha TAFE kiliendelea kuunda matrekta ya ukoo huo. Pistoni zilitoka Pakistani, kwa Millat. Rejeta ilichomelewa Dodoma. Kiti kilikuwa cha basi. Waturuki na Wayugoslavia nao waliyaunda kwa leseni, na vipuri vyao vingi huingiliana. Halina kompyuta, halina hata waya nyingi. Mtu mwenye spana chache na subira anaweza kulifungua lote chini ya mti.

"Na kipi kilichobaki cha asili?" nikauliza.

Akafikiri kidogo. "Giaboksi," akasema, akaipiga kofi.

Neno hilo lilinichoma. Baba alijifunza Kiswahili juu ya trekta, kwa msimamizi aliyetoka Kisumu, wakati ambapo wengi kwetu walikiona Kiswahili kuwa lugha ya askari tu. Nilipotoka chuoni nilimsahihisha mbele ya watu: asiseme "giaboksi", aseme "sanduku la gia", asiseme "tanboi", aseme "utingo". Alinisikiliza kwa adabu, kama mwanafunzi.

Lakini lililonichoma zaidi ni giaboksi yenyewe. Mwenye shamba aliondoka nchini mwaka 1972, na baba akalipeleka trekta nyumbani kulitunza mpaka mwenyewe atakaporudi. Mwaka 1977 gia moja ilikatika meno. Baba alilifungua, akavifunga vipande vyote katika vitambaa, akavipanga katika kreti ya soda chini ya kitanda, akaanza kungoja gia nyingine. Madukani hamkuwa na kitu siku zile. Mwaka uliofuata nilichukua beringi mbili za gololi katika kreti ile, nikajitengenezea kigari cha mbao. Kilikuwa kigari cha kasi kuliko vyote mtaani.

Gia ilifika mwaka 1980, imeletwa na dereva wa lori kutoka Nairobi. Baba alifungua vitambaa kimoja kimoja, akahesabu, akahesabu tena. Alimwuliza mama, akawauliza kaka zangu. Nami aliniuliza, nikasema sijui. Trekta halikuwaka tena. Mwaka 1986 liliuzwa kama chuma chakavu, na baba akafariki mwaka 1991 bila ya mimi kumwambia.

Haya yote nilimweleza mzee wa Kongwa, mtu nisiyemjua, nikiwa nimeegemea tairi. Hakunilaumu. Alishangaa tu.

"Beringi haiuwi trekta, mwalimu," alisema. "Kila beringi imechorwa namba ubavuni. Ukiwa na namba, unaomba yoyote yenye namba hiyo, hata ya mashine ya kusaga. Baba yako hakuwa na namba?"

Nikasema hakuwa nayo, kwa kuwa beringi zilikuwa zimepotea. Mzee akawasha injini, tukaagana, nikabaki barabarani mpaka mlio ulipopotea kuelekea bondeni.

Nilikuwa nimemjibu visivyo. Wiki ile ile gia ilipofika, baba alinikuta uani nakisukuma kigari changu. Alikichukua, akakipindua, akaleta taa karibu kwa maana jua lilikuwa limekwisha kuchwa. Aliufuta ubavu wa gurudumu kwa kidole gumba, akautazama kwa muda mrefu. Mimi nilidhani anausifu ufundi wangu. Kisha akaenda ndani, akatoka na kopo la grisi, akapaka beringi zote mbili, akazizungusha mpaka zikaacha kulia, na kunirudishia kigari mikononi.