Kisesa: Kitabu cha ubatizo hakitoshi kulipima kanisa

Daladala itokayo Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma hupita Buzuruga na Igoma, kisha huingia Kisesa, wilayani Magu, umbali wa takriban kilometa 20. Hapo abiria wa Bujora hushuka na kupanda bodaboda. Muda si mrefu, katikati ya mawe makubwa, linaonekana kanisa la mviringo lililojengwa kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma. Jirani yake ni makumbusho yenye ngoma na vifaa vya watemi.

Kazi hii ilianza miaka ya 1950 chini ya Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Akishirikiana na Wasukuma, aliingiza ngoma, nyimbo na alama zao katika ibada. Hadi leo, sherehe za Bulabo, zinazoambatana na sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni, huwakutanisha wachezaji wa Bagika na Bagalu, na uwanja hufurika watu.

Mtu akiuona umati huo anaweza kusema uinjilisti umekamilika. Lakini wapo waliokuja kusali, na wapo waliokuja kumwangalia mchezaji na chatu wake. Wingi wa watu siku ya sikukuu hausemi wanavyoishi siku nyingine.

Kisesa yenyewe ina somo kuhusu kupima. Tangu mwaka 1994, watafiti wa NIMR Mwanza wamekuwa wakirudi tena na tena katika kaya za kata hii kufuatilia maambukizi ya VVU. Hawakutosheka na hesabu ya waliofika kituo cha afya. Waliwafuata watu nyumbani wakauliza nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki.

Kila mama analijua jambo hili kupitia kadi ya kliniki. Mtoto hapimwi uzito siku anayozaliwa tu. Anarudishwa kwenye mizani mwezi baada ya mwezi, na mstari ukishuka muuguzi anauliza kulikoni nyumbani. Kitabu cha ubatizo kinaonyesha waliozaliwa katika imani. Hakionyeshi wanaokua, wala waliodhoofika kimya kimya.

Mizani ya kanisa ipo tayari. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, walizipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo zinazokutana majumbani. Makanisa mengine nayo yana vikundi vya maombi mitaani. Huko ndiko maswali haya yanakoweza kujibiwa kwa majina, si kwa makisio:

Vijana waliopata Kipaimara miaka mitatu iliyopita wako wapi leo?

Mgonjwa wa mtaani, awe muumini au la, alitembelewa lini mara ya mwisho?

Anayetumia dawa za kufubaza VVU anaweza kulisema hilo katika jumuiya bila watu kunong'ona akiondoka?

Aliyeacha kuja kanisani amefuatwa na nani? Na aliyemfuata alikwenda kumsikiliza, au kumkemea na kumkumbusha michango?

Majibu yaandikwe, na mwaka ujao maswali yaleyale yaulizwe katika nyumba zilezile. Viongozi wasione haya majibu yakiwa mabaya. Muuguzi hafichi kadi ya mtoto aliyepungua uzito. Huyo ndiye anayemwita mapema zaidi.

Kwa mzazi, kipimo hiki kinaanzia sebuleni. Yupo kijana aliyekuwa akiimba kwaya, ambaye sasa kila Jumapili anasingizia usingizi. Aulizwe kwa upole kilichomwondoa, kisha apewe nafasi ya kumaliza kusema kabla ya kujibiwa. Huenda jibu lake ndilo taarifa ambayo parokia haijawahi kuipata, hata katika siku ambayo uwanja wa Bujora umefurika watu.