Binti Yetu na Elimu ya Nusukaputi

Twapenda kuzungumza na akina mama na mabinti juu ya jambo lililoushughulisha ukoo wetu kwa miaka kadhaa. Binti wa dada yetu, anayeishi na wazazi wake Minnesota huko Marekani, alitaka kusomea kazi ya muuguzi wa nusukaputi, hali karatasi yake ya kwanza ya chuo ilijaa alama za kuinamisha uso. Ametupa idhini ya kuyaandika haya kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe.

Kwanza tuieleze kazi yenyewe, kwani wengi hudhani ni kupiga sindano na kuondoka. Muuguzi huyu humlaza mgonjwa usingizi kabla ya kupasuliwa, kisha hukaa kichwani pake mpaka azinduke. Huichunga pumzi, hulitazama shinikizo la damu, huongeza na kupunguza dawa dakika kwa dakika. Aliyelazwa usingizi hana ulimi wa kulalamika wala mkono wa kujifunika. Uhai wake na sitara yake vimo katika amana ya mtu huyo. Ndiyo maana twaona ni kazi inayowafaa wanawake wetu, na mwanamke anayepelekwa chumba cha upasuaji hutulia anapomwona mwanamke mwenziwe. Hapa Kenya pia wauguzi hufunzwa kazi hiyo, Kijabe kwa mfano. Na Minnesota ndiko alikofanya kazi Alice Magaw, muuguzi wa mji wa Rochester, ambaye mwaka 1906 alichapisha taarifa ya wagonjwa zaidi ya 14,000 waliolazwa usingizi bila hata mmoja kufa kwa sababu ya dawa hiyo.

Mlango wa elimu hiyo huko Marekani ni mwembamba. Mwombaji sharti awe muuguzi aliyesajiliwa, mwenye shahada, na awe amehudumia wagonjwa mahututi kwa mwaka mmoja au zaidi. Tangu mwaka 2022 kila anayeingia huingia katika masomo ya udaktari wa kitaaluma, yasiyopungua miaka mitatu. Vyuo vingi hutaka wastani wa alama usiopungua 3.0 katika kipimo cha 4.0, na wanaogombea nafasi mara nyingi wamepita hapo. Mwanetu, alipoiacha karatasi ile ya kwanza, alikuwa na 2.3. Kemia alianguka. Elimu ya viungo vya mwili alipita kwa kusukumwa.

Sababu yake twaijua vyema. Alikuwa na miaka 18, mgeni wa nchi, akifanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, tangu saa tano mpaka saa moja asubuhi, na saa mbili yuko darasani. Mshahara ule ulikuja Mombasa. Ulilipia upasuaji wa nyonga ya mama yetu, ukalipia karo za watoto wa ukoo, wakiwemo wanetu wawili. Anayepokea fedha kwa simu huku huona kiasi kilichotumwa. Haioni alama iliyoandikwa siku hiyo hiyo kule.

Miaka ikapita, akarudi chuoni, akawa muuguzi, akapata shahada kwa alama nzuri. Alipotaka kuomba nafasi hii, jamaa mmoja mwenye nia njema akamnong'oneza kwamba chuo cha kwanza akinyamazie. Apeleke matokeo ya chuo cha pili peke yake, nani atajua? Dada yetu alitupigia simu usiku kutuuliza. Hatukuhitaji kufungua kitabu. Vyuo huagiza matokeo ya kila mahali mtu alikosoma, naye hutia sahihi kwamba hakuficha kitu. Kuficha ni ghushi. Tena ni ghushi ya mtu anayeomba kuaminiwa pumzi za watu.

Lakini kusema haifai ni nusu ya jibu, nasi tulikumbuka somo tulilosoma tukiwa vijana. Katika elimu ya hadithi mna mlango uitwao ikhtilati. Ata bin as-Saib alikuwa mpokezi mkweli, ila hifadhi yake ilichafuka mwishoni mwa umri. Maulamaa hawakumtupa, wala hawakumpokea kwa jumla. Waliuliza: nani alisikia kwake mapema? Shu'ba na Sufyan ath-Thawri walisikia mapema, basi riwaya zao kutoka kwake zikakubaliwa. Kwa mwanetu mambo ni kinyume, ya mwanzo ndiyo dhaifu na ya mwisho ndiyo madhubuti, lakini swali ni lile lile la wakati. Na wakati hauwezi kupimwa ikiwa karatasi moja imefichwa. Tulifurahi aliposema kwamba baadhi ya vyuo hutazama kwa namna ya pekee saa 60 za mwisho za masomo, au masomo ya sayansi peke yake.

Basi akayakabili yale yale yaliyomwangusha. Alirudia kemia, akapata alama ya juu kabisa. Alirudia viungo vya mwili. Akaongeza somo moja la dawa katika ngazi ya juu, ili walimu waone anaweza mzigo wa ngazi hiyo. Alihudumia wagonjwa waliotoka kupasuliwa moyo kwa miaka minne, akafanya mtihani wa ubingwa wa uuguzi wa mahututi, akaomba kusimama kando ya muuguzi wa nusukaputi siku kadhaa aione kazi kwa macho yake.

Kulikuwa na barua ya kueleza zile alama. Ya kwanza aliyotuletea tuisome ilikuwa kurasa mbili za kuomba huruma, na mama yetu na nyonga yake wamo ndani. Tulimwambia apunguze. Ya mwisho ilikuwa mistari sita: nilifanya kazi usiku, sikuomba msaada, haya ndiyo niliyoyafanya tangu hapo. Sisi tunaoandika twajua uzito wa mistari sita kama ile.

Mwaka wa kwanza vyuo vyote vilimkataa. Babake akasema umri umekwenda, ana miaka 29, aolewe. Kuolewa ni jambo la heri na hatulipingi. Tulilopinga ni hilo la umri. Al-Qaffal al-Marwazi, imamu katika madhehebu yetu ya Shafi, alikuwa fundi wa makufuli, na alianza kutafuta elimu akiwa na umri wa miaka 30 hivi. Shemeji yetu alinyamaza. Hatujui kama alikinai au alichoka na sisi. Mwaka wa pili chuo kimoja kilimwita kwa mahojiano, wakamuuliza kuhusu kemia ile kabla ya kitu kingine chochote, naye akawajibu. Wakamkubali.

Likabaki suala la fedha. Wanafunzi wengi wa elimu hii hukopa, na mikopo yao ni ya riba. Kufanya kazi katikati ya masomo hakuwezekani. Yeye alikuwa ameweka akiba ya miaka minne, akilala chumba kimoja na mdogo wake. Akiba ilitosha miaka miwili. Mwaka wa tatu haikufika.

Tuliwakusanya watu wa ukoo nyumbani kwetu baada ya Isha, tukawasomea orodha ya karo alizowahi kuwalipia, jina kwa jina, na wengi wao sasa wana ajira. Mchango ukaanza usiku ule. Mama yetu hakuwa amealikwa kutoa chochote. Asubuhi alituita chumbani, akavua bangili zake mbili za dhahabu, akasema zipelekwe kwa sonara. Tulimwambia avute subira, wajukuu wanachanga na huenda zisihitajike. Alijibu kwamba nyonga ni yake, si ya wajukuu.

Bangili ziliuzwa Alhamisi.