Garissa: Injini Ikikataa Kutulia, Tazama Maji Kwanza

Safari ya kutoka Nairobi hadi Garissa ni ya kilomita zipatazo 370, na sehemu kubwa ni ya kuteremka. Msafiri huliacha jiji lililo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, akapita Thika na Mwingi, kisha vilima vya Ukambani vikampisha katika tambarare ya vichaka vya miiba na ngamia kando ya njia. Kufikia Bangale, jua halina mzaha tena. Anapovuka daraja la Mto Tana kutoka Madogo, ameshuka hadi mita 150 hivi, na joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 35.

Garissa ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki hadi serikali za kaunti zilipoanza mwaka wa 2013. Hadi leo ndiyo lango la Dadaab, na wengi waendao Wajir na Mandera hupitia hapa. Soko lake la mifugo lina sifa kote nchini. Lakini kwa mwenye gari, watu muhimu zaidi mjini ni mafundi wa jua kali.

Ugonjwa mmoja huwasumbua sana wageni. Dereva amesimama, ameondoa mguu kwenye mafuta, lakini injini yaendelea kunguruma kana kwamba ingali imekanyagwa. Kunguruma asubuhi, injini ikiwa baridi, ni kawaida. Ikishapata moto, magari mengi madogo hushuka hadi mizunguko kati ya 600 na 850 kwa dakika. Isiposhuka, kuna neno.

Wenye haraka hukimbilia bisibisi, wakalegeza skrubu ya mzunguko hadi kelele ikapungua. Huko ni kumnyamazisha mtoto anayelia bila kumuuliza anaumwa wapi.

Anza na maji ya redieta. Magari mengi yana kifaa kinachopima joto la maji ili kuamua injini ipewe hewa na petroli kiasi gani. Maji yakipungua, kifaa hicho hubaki kwenye hewa tupu na kudhani injini bado ni baridi. Ndipo mzunguko unapopanda, au unapanda na kushuka. Hata mshale wa joto waweza kukudanganya kwa sababu iyo hiyo. Lakini tahadhari: usifungue kifuniko cha redieta injini ikiwa moto. Maji yanayochemka yatakurukia usoni. Zima, tafuta kivuli, ngoja ipoe kabisa.

Maji yakiwa kamili, sikiliza mlio wa hewa inayofyonzwa. Mipira midogo ya hewa hukauka na kupasuka kwa joto, na injini ikavuta hewa isiyopimwa. Fundi stadi huibana kwa koleo mmoja mmoja injini ikiwa imewashwa, isipokuwa ule wa breki. Mngurumo ukishuka, mgonjwa amepatikana, na mpira mpya hauna gharama kubwa. Baada ya hapo, hakikisha waya wa mafuta haukwami, na mlango wa hewa haujashikwa na uchafu. Kwa gari la kabureta, tazama pia kama choki imefunguka yote.

Si kila mngurumo ni ugonjwa. Ukiwasha kipoza hewa, mzunguko hupanda kidogo. Vilevile hewa ya Garissa ni nzito kuliko ya Nairobi, hivyo gari kuukuu la kabureta lililorekebishwa jijini laweza kunguruma zaidi kidogo huku chini.

Kwa nini kujisumbua hivi? Kutoka Garissa hadi Wajir ni zaidi ya kilomita 300, na vituo ni vichache. Anayelegeza skrubu huku maji yakivuja ameondoa onyo na kuacha hatari. Mbele ya safari injini itachemka, kichwa chake kipinde, na familia ikae kando ya barabara na watoto wenye kiu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya kuondoka Garissa, fungua boneti asubuhi na mapema, tazama maji, kisha ubebe mtungi wa lita 20: wa gari na wa watu.