Pasta ya Kasimile Kangemi

Jumamosi, baada ya kuswali Adhuhuri katika Msikiti wa Jamia, uliokamilika mwaka 1933, tulitembea hatua chache hadi City Market kununua nazi, pilipili mbuzi, ndimu na dania. Kisha tukapanda matatu kuelekea Kangemi, magharibi mwa jiji, kwa dada yetu aliyehamia huko kutoka Mombasa.

Wanawe, wazaliwa wa Nairobi, hutamani pasta ya malai ya mikahawani. Wali wa nazi huuita chakula cha bibi. Neno hilo lilimchoma mama yao, lakini hakugombana nao. Alichemsha pasta, akakaanga kitunguu, thomu, nyanya na pilipili kwa bizari, kisha akatia tui jepesi likatokota. Kasimile aliimimina mwisho, moto ukiwa mdogo, akikoroga bila kuacha ili isikatike. Alipoepua, akakamulia ndimu na kunyunyiza dania.

Sahani zilirudi tupu. Kitindamimba akauliza malai ile imenunuliwa duka gani. Mama akamwekea mbuzi na kifuu cha nazi, akamwambia, "Piga bismillahi, mwanangu, ukune."