Tangazo la Shule Kwenye Simu ya Mzazi

Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya bweni, Tanzania Bara, na pamoja na vipindi vyangu nimekabidhiwa tovuti ya shule. Siiandiki peke yangu. Mwalimu wa taaluma huleta ratiba na matokeo, mhasibu huandika mambo ya ada, matroni hupanga orodha ya mahitaji ya bweni, mwalimu wa michezo hutuma habari za mashindano, na mkuu wa shule huwa na neno lake kila mwanzo wa muhula. Kazi yangu kubwa ni kutunza mwongozo ambao wote hao wanaufuata. Ni karatasi moja, mbele na nyuma, na kila mwaka natetea ibaki hivyo. Mwongozo mnene hufungiwa kabatini, kisha kila mtu huendelea kuandika alivyozoea.

Mstari wa kwanza wa karatasi hiyo unamtaja msomaji: mzazi au mlezi mwenye simu ya kawaida na bando linalokaribia kuisha. Anafungua tovuti akiwa sokoni, kati ya mteja na mteja, au akiwa ndani ya daladala. Anatafuta tarehe ya kufungua shule, kiasi cha kulipa, namba ya malipo na vitu vya kumnunulia mtoto. Historia ya shule na falsafa ya elimu ataisoma siku nyingine. Kwa hiyo kila tangazo letu linataja jambo lenyewe, tarehe na kiasi katika sentensi mbili za mwanzo.

Kanuni hii inagusa mazoea ya ofisi. Wengi wetu tumefundishwa kuandika barua inayoanza kwa kumtaka msomaji ahusike na kichwa cha habari tajwa hapo juu, kisha salamu, kisha kumshukuru mzazi kwa ushirikiano, na jambo lenyewe linakuja aya ya tatu. Barua ya kiofisi ina utaratibu wake na naiheshimu. Lakini skrini ya simu inaonyesha mistari michache tu kwa wakati mmoja, na mzazi asipoona tarehe katika mistari hiyo hupiga simu ofisini, au humuuliza jirani ambaye naye anakisia. Heshima kwa mzazi tunaionyesha kwa kumpa jibu mapema. Tunamwita “Ndugu mzazi/mlezi”, kisha tunaingia kwenye jambo.

Kanuni ya pili ndiyo iliyoleta ubishi mrefu zaidi katika chumba cha walimu: habari iandikwe kwa maandishi, isiwe picha ya karatasi. Baadhi ya wenzangu waliona kwamba tangazo lisilo na muhuri halina nguvu, na hoja yao ina uzito, maana matangazo ya uongo yanasambaa sana. Tulikubaliana hivi: maneno yote yaandikwe kwenye ukurasa wenyewe, na barua yenye muhuri iambatanishwe chini kama faili kwa anayetaka kuipakua, ukubwa wake ukitajwa kando ya kiungo. Mzazi anaweza kunakili namba ya malipo moja kwa moja kutoka kwenye maandishi. Kwenye picha analazimika kuiandika tarakimu baada ya tarakimu, na akikosea moja malipo yanakwama.

Kuna sababu nyingine ninayoijali zaidi. Mzazi asiyeona, au mwanafunzi asiyeona, husomewa ukurasa na programu ya sauti. NVDA, ambayo hutolewa bure, hutumia sauti za eSpeak NG, na Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zake. Programu kama hiyo haiwezi kuisoma picha ya karatasi kwa uhakika. Tena, ukurasa wa Kiswahili ukiwa umetambulishwa ndani yake kuwa ni wa Kiingereza, maneno yetu yatatamkwa kwa matamshi ya Kiingereza mpaka yasieleweke. Ndiyo maana anayeandaa ukurasa mpya hapa kwetu hukagua alama ya lugha, “sw”, kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Nasikitika kuona shule zikilipia mapambo ya tovuti huku jambo hili dogo, lisilogharimu senti, likiachwa.

Saa tumeziandikia kanuni yake. Tuna ukurasa wa Kiingereza na wa Kiswahili, na palepale ndipo hatari ilipo. “Basi litaondoka saa 8:00” kwa mzazi wetu ni saa nane, lakini mwandishi aliyenakili kutoka ukurasa wa Kiingereza alikusudia saa mbili asubuhi. Mtoto anaweza kuachwa na basi kwa sababu hiyo. Kwetu huandikwa “saa 2:00 asubuhi”, na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku haliruhusiwi kukosekana. Tarehe nazo: jina la mwezi liandikwe kwa herufi, mwaka uwepo, siku ya juma iwepo. “Jumatatu, 8 Januari 2024” haina mgogoro, na ikibaki kwenye tovuti mwaka unaofuata hakuna atakayeidhania kuwa mpya. Tangazo lililoandikwa “shule itafunguliwa tarehe 8” linaendelea kuwapotosha watu miaka mingi baada ya siku yake kupita. Kila ukurasa una tarehe ya kuandikwa na ofisi iliyouandika, ili ujulikane ni nani wa kuusahihisha.

Rangi hazikutuchukua muda mrefu. Maandishi ya njano juu ya nyeupe yamekatazwa, hata kama njano ni rangi ya shule. Kigezo tunachofuata ni kile cha W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti: tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na mandhari isipungue 4.5 kwa 1, au 3 kwa 1 kwa herufi kubwa. Anayesoma akiwa juani anakihitaji kigezo hiki sawa na mwenye macho hafifu. Viungo navyo viseme vinakompeleka mtu: “Pakua orodha ya mahitaji ya bweni”, si “bonyeza hapa”.

Kwenye picha nakaa muda mrefu na kila mwandishi mpya. Picha ya simu ya kisasa inaweza kufika MB 4. Mwongozo unataka ipunguzwe hadi chini ya KB 200, kwani bando linalokatwa ni la mzazi. Lakini uzito wa faili ni jambo la kiufundi tu. Uzito wenyewe uko kwa watoto waliomo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Hapa shuleni hatuweki picha ambayo mwanafunzi anatambulika bila ridhaa ya maandishi ya mzazi wake, hatuandiki jina kamili chini ya uso, na hatupigi picha bwenini. Mzazi akibadili mawazo, picha inaondolewa siku hiyohiyo, haulizwi sababu. Mwalimu wa michezo alihofia kwamba kurasa zake zingekosa uhai. Amejifunza kupiga picha za mchezo wenyewe, timu nzima kwa mbali, na mimi naziona ni picha nzuri kuliko zile za kupanga mstari.

Majina ya wanafunzi waliofeli hayawekwi, na ya wanaodaiwa ada hayawekwi. Kila mwisho wa muhula hutokea mtu, mara nyingine mjumbe wa bodi, anayeona kwamba orodha ya wadaiwa ikitangazwa fedha zitaingia haraka. Mtoto ambaye baba yake amepoteza kazi hana deni na mtu, na jina lake likishaingia kwenye intaneti litasomwa na wenzake wa darasani, na pengine na mwajiri wake baada ya miaka kumi. Mhasibu ana namba za simu za wazazi. Anawapigia, mmoja mmoja.