Deni la Waridi

Wahenga walinena kuwa ahadi ni deni. Usemi huu hunijia kila nisomapo kuhusu majumba ya mitindo ya Ulaya yanayoahidi kupunguza gesi zinazoipasha dunia joto. Mwaka 2019, Gucci ilitangaza kuwa imeifidia hewa ukaa yake yote, kwa sehemu kwa kugharimia uhifadhi wa misitu. Mwaka 2023 dai hilo liliondolewa katika tovuti yake. Swali linalonikera ni hili: ni nani ahesabuye, naye huhesabu nini?

Sisi wa Nakuru tunalifahamu swali hilo kupitia anasa nyingine, ua la waridi. Mwaka 2007, maduka ya Tesco na Marks & Spencer nchini Uingereza yalianza kubandika picha ya ndege kwenye vyakula vilivyosafirishwa kwa ndege. Mnunuzi aliiona ndege, akahukumu. Mwaka uo huo, utafiti wa Chuo Kikuu cha Cranfield ulilinganisha mawaridi 12,000 ya Kenya na idadi sawa ya Uholanzi. Ya Kenya, safari ya ndege ikiwemo, yalikadiriwa kutoa kilo 6,000 za hewa ukaa. Ya Uholanzi, kilo 35,000. Sababu yenyewe si muujiza. Jua la Naivasha halina bei, ilhali kule nyumba za vioo hupashwa joto na kumulikwa kwa nishati ya kununuliwa.

Nilimsomea shangazi yangu tarakimu hizo. Yeye alifungasha maua miaka mingi katika shamba moja la Naivasha. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na mgongo wangu, mwanangu, waliuandika safu gani?"

Swali lake halibatilishi hesabu ya Cranfield. Laonyesha mpaka wake. Kilo za hewa ukaa hazisemi lolote kuhusu maji ya Ziwa Naivasha yanayosafiri ndani ya kila shina. Hata umeme wa mvuke wa Olkaria, tunaousifu kwa usafi wake, una wanaoudai: mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kuupisha mtambo wa Olkaria IV, na malalamiko yao yakafika hadi Benki ya Dunia.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili tunapohusika. Taarifa za mazingira za kampuni huandikwa kwa Kiingereza, zikasomwa na wawekezaji na wanunuzi wa mbali. Aliyelichuma ua hazimfikii. Tukizifasiri kwa lugha inayoeleweka kibandani na sokoni, shangazi ataweza kuuliza swali lake mbele ya mwenye kitabu cha hesabu, badala ya kuniuliza mimi. Deni lisilojulikana na mdai ni rahisi mno kusahauliwa na mdaiwa.